Mkia Uliokaliwa

Kibali cha shemeji yangu kilimruhusu kuwinda sungura wa nyikani peke yake. Sungura wa mawe ni marufuku. Ukimpiga, askari wanakunyang'anya kibali na bunduki. Masikio yao hayakusaidii kitu. Angalia mkia: wa nyikani ni mweusi juu na mweupe chini, wa mawe ni mwekundu kama kutu.

Tulimkuta mmoja kajikunyata chini ya kichaka. Shemeji akalenga.

"Ngoja kwanza. Mkia umeuona?"

"Kaukalia, shemeji. Sasa nimwombe asimame?"

Nikaona bora nipige chafya. Chafya yenyewe ilipukutisha kichaka kizima, na kofia ya shemeji hatujaiona mpaka leo. Sungura akatimka, mkia mwekundu nje nje, akapenya kwenye ufa wa jabali.

"Umenifukuzia kitoweo," shemeji akanung'unika.

Kumbe nyuma ya jabali alikuwepo askari wa wanyamapori. Akainuka, ndevu zimejaa majani, akakisoma kibali taratibu, akamrudishia mwenyewe.

"Windeni, jua bado lipo," akasema. "Ila wewe mzee, ukisikia pua inawasha, nipigie kelele nilale chini."