Karatasi Iliyokataa Kubadilika Rangi

Siku mchumba wa mdogo wake, Jovia, alipokuja kujitambulisha nyumbani kwao Koboko, Ayikoru alikuwa hakaliki. Aketi, ainuke, abebe sahani ambazo hakuna aliyezihitaji. Shangazi akamtania kwamba bila shaka na yeye ameacha mtu Arua.

Alichoacha Arua ni chupa. Jana yake, katika maabara ya chuo, alikuwa ameshinda akidondosha peroksaidi, tone kwa tone, ndani ya mafuta ya alizeti yenye kichocheo cha tungsteni, ili oksijeni ijipachike kwenye vifungo maradufu vya mafuta na kuyageuza kuwa epoksidi, malighafi ya gundi na plastiki. Peroksaidi inayosalia lazima imalizwe kabla ya kukausha kwa joto kiyeyushi, kimiminika kilichoyeyushia mafuta, la sivyo chupa hulipuka. Asubuhi hii alichovya karatasi ya kupimia. Kama peroksaidi ipo, hugeuka buluu. Ilibaki nyeupe. Akamwambia Enoch, mwanafunzi mwenzake, "Iko safi, saa tisa kausha," akakimbilia gari.

Sasa, sinia la mihogo mikononi, akakumbuka. Jana tone la peroksaidi tupu lilidondokea karatasi moja ya pakiti ileile, nayo ikabaki nyeupe. Aliifuta meza, akaendelea na kazi.

Ilikuwa saa tisa kasorobo.

Simu ya Enoch iliita mpaka ikakatika. Maabarani simu huachwa nje. Akampigia Yasiri, mlinzi wa geti.

"Yasiri, kimbia maabara! Ambia Enoch asiwashe mashine ya kukausha!"

"Madamu, naacha geti na nani?"

"Acha! Ile kitu inaweza pasuka, na mutu iko ndani!"

Akasikia buti zikikanyaga changarawe, pumzi, kisha simu ikazimika. Akasimama nyuma ya jiko huku vigelegele vikipaa uani. Dakika kumi na moja baadaye Enoch akapiga.

"Maji ya mashine yalikuwa yamechemka tayari. Chupa nilikuwa nimeishika."

"Iweke kwenye barafu. Halafu fungua karatasi mpya, iko kabati ya juu."

Enoch akarudi kwenye simu. "Ayikoru, imekuwa buluu mpaka inakaribia weusi."

Akaketi juu ya kuni. Kisha akaenda kumnong'oneza Jovia kwamba anarudi Arua.

"Leo? Yaani leo?" Jovia akageuza uso.

Jioni, Ayikoru na Enoch waliiua peroksaidi kwa chumvi ya salfaiti, kidogo kidogo, kwenye ubaridi. Karibu nusu ya epoksidi ilikuwa imeharibika. Ayikoru akafungua daftari, akaandika yote.

"Ungeandika tu kwamba karatasi zilikuwa mbovu," Enoch akasema.

"Ubovu wake niliuona jana. Nilikuwa na haraka."

Enoch akageukia kuosha vyombo.

Siku tatu Jovia hakupokea simu. Ya nne akapokea, akasikiliza habari yote bila kukatiza.

"Huyo Enoch," akauliza mwishowe, "mama yake anajua?"

"Hajui."

"Basi msimwambie," Jovia akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikalegea.