Tundu la Nne

Hebu niambie: bomba lako likikauka Jumatatu saa nne asubuhi, na la mke mwenzio, hatua ishirini tu, linatiririka, utamshuku nani?

Biubwa alimshuku Ashura. Alikuwa anaosha mchele maji yalipokatika. Pale kwao Makurunge bomba kubwa huingia uani likagawanyika mara nne: jikoni, bafuni, nyumba ya Ashura mke mkubwa, na nyumba yake yeye. Tawi lake tu ndilo lililokauka. Ashura mwenyewe alikuwa hospitali, Dar. Saa ile ile mume wao, mzee Mwinyimvua, alikuwa anatengenezwa mshipa mkuu wa tumboni, uliovimba. Madaktari walimpitishia mrija wa kitambaa na waya kupitia pajani, bila kumpasua tumbo.

"Kafunga koki ndipo akaondoka," Biubwa alimwambia fundi Ausi.

Ausi akachimba. Koki ilikuwa wazi. Akalishika bomba kubwa, akatazama saa yake.

"Linapiga sabini na sita kwa dakika," alisema. "Lina joto kidogo. Tawi lako, bi, halipigi. Limezibwa kwa ndani, kwa kitambaa. Kazi safi."

"Kaliziba nani?"

"Mimi wa mabomba tu, bi." Akafukia, akaenda kunawa kwa jirani.

Siku ya tisa mzee akarudi. Ilikuwa zamu ya Biubwa, lakini teksi ilisimama mlangoni kwa Ashura. Biubwa akaenda kumjulia hali, akamkuta anakunywa uji. Kila akikohoa, maji ya bomba la nje yaliruka.

"Shikamoo, mume wangu. Wamekuwekea nini huko?"

"Marahaba. Mrija. Una matundu, damu ipate kwenda kwenye ini, utumbo na figo. Matundu matatu."

"Figo si mbili?"

Mzee akamtazama Ashura. Ashura alikuwa anakunja kanga.

"Wa matundu manne hushonwa kwa kipimo cha mtu," alisema Ashura. "Huchukua wiki sita. Daktari alisema uvimbe unaweza kungoja, arudi nyumbani kwanza. Nikamwambia aweke uliopo. Figo moja yatosha."

"Wiki sita hapa nyumbani," Biubwa alisema polepole. "Tatu zingekuwa zangu."

"Tatu kwako, na chumvi unayotia wewe? Ungemuua."

Mzee akarudi kwenye uji wake.

Tangu siku hiyo Biubwa huchota kwa Ashura. Maji ni ya uvuguvugu, hutoka kwa mapigo, na watu wa mtaa wameshayazoea. Zamu haijarudi. Ijumaa moja Ashura alimfungulia bomba mwenyewe, kwa ukarimu.

"Chota, mdogo wangu. Chota hata ndoo mbili. Unataka nini tena?"

Biubwa hakuinama kuchota.

"Na mimi ni mkewe, dada. Nilitaka mniulize."