Blanketi Juu ya Paneli

Spana ilikuwa imeuma nati ya betri ya tisa, nayo imezungushwa nusu tu, fundi alipotambua kwamba sakafuni hapakuwa na jua.

Kila baada ya wiki mbili, siku ya chaji kali, vipande viwili vya mwanga humwangukia miguuni kutoka kwenye mashimo mawili yaliyo juu ukutani. Alikuwa amevizoea kama mtu anavyozoea mlio wa saa. Leo havikuwapo. Kulikuwa na mwanga wa taa tu, harufu ya mayai viza iliyomkaba koo, na betri ishirini na nne zikitokota kama sufuria zilizosahauliwa mekoni.

Akainua macho. Mashimo yote mawili yalikuwa yamezibwa kwa matambara.

Kitabu alichojifunzia kazi hii mwenyewe, kisicho na jalada wala kurasa za mwisho, kilisema wazi: betri zikichajiwa kwa nguvu hutoa gesi, na gesi iliyokosa pa kutokea hujaa chumbani ikisubiri cheche moja. Hajawahi kuona chumba cha betri kikilipuka. Hakuwa na hamu ya kuona.

Swichi ya kukata umeme wa paneli za jua ilikuwa pale ukutani, hatua moja tu. Mkono ulikwenda, akaurudisha. Swichi ile hutoa cheche kila inapobonyezwa. Na nati aliyoilegeza ili kuisafisha ikicheza kidogo tu, nayo ingetoa yake.

Akaitoa spana kwa mikono miwili, polepole, kama anayemvua kiatu mtoto aliyelala. Akaikumbatia kifuani isije ikagusa chuma chochote, akatoka kinyumenyume. Mlango akauacha wazi, akauegemezea jiwe.

Katika wodi ya zahanati, iliyopakana na chumba hicho, alilala mama mkwe wake, wiki ya tatu sasa, akivuta hewa ya mashine. Mashine ilikula umeme wa betri zilezile. Mtungi wa akiba ulikuwa mtupu, na lori la mitungi lingekuja kesho.

Alipozunguka nyuma ya zahanati, alisimama ghafla. Chini ya mashimo, mgongo ukiwa umeegemea ukuta, mkewe alikuwa akipuliza makaa ya jiko ili ampikie mama yake uji.

Fundi hakuwa mtu wa kupaza sauti, na hata sasa hakupaza.

“Mama watoto, acha kupuliza. Beba hilo jiko taratibu, ulipeleke kule bombani, ulimwagie maji.”

“Leo umekuwa bwana afya?” mkewe akacheka. Kisha akamtazama usoni, kicheko kikamkatikia. Akabeba jiko.

Muuguzi alipoambiwa, neno lake la kwanza lilikuwa mgonjwa atolewe nje. Fundi akamuuliza, bila mashine angekaa muda gani? Muuguzi alifikiri kidogo. Dakika kumi, alisema, na hata hizo asingeziapia.

“Basi hatuzimi mashine,” fundi alisema. “Tutazima jua.”

Paneli kumi na mbili zilikuwa kwenye fremu fupi nyuma ya jengo. Walianza na shuka za wodini. Fundi akarudi kusikiliza mlangoni: betri zilikuwa bado zinatokota. Shuka nyeupe zilipitisha mwanga. Wakakimbilia blanketi za kijivu, wakazivuta hata kwenye miguu ya wagonjwa, wakazikandamiza kwa mawe. Mzee mmoja aliyenyang'anywa yake aliuliza kama paneli nazo zimeshikwa na homa. Hakuna aliyecheka.

Ndipo fundi alipopanda ngazi ya miti na kuanza kuvuta matambara, moja baada ya jingine, akijua kwamba inayompulizia usoni ni gesi ileile anayoiogopa. Tambara la mwisho lilikuwa na mfuko na vifungo viwili. Lilikuwa shati lake la buluu.

Akashuka nalo. Mkewe alisimama chini, mikono imekumbatia kifua.

“Ile harufu ilikuwa inamkohoza mama,” alisema. “Nikaona niizibie njia isimfikie. Nilidhani namsaidia.”

Fundi alilikunja shati, akalikunjua.

“Nimelitafuta wiki nzima. Ungeniuliza yale mashimo ni ya nini.”

“Ungenijibu?”

Fundi alilitundika shati begani. Miaka minne amekuwa akiingia mle peke yake na kutoka na kufunga, na kila anayeuliza humwambia hayo ni mambo ya ufundi.

Walikaa mbali na ukuta, wakisubiri. Kutokota kulipungua, kukawa kama mnong'ono, kisha kukaisha. Fundi hakuingia hadi harufu ilipotoweka kabisa na jua kuinama. Aliikaza nati ya tisa. Spana iliteleza mara mbili. Akapima umeme uliobaki. Ungefika hadi lori la mitungi lije asubuhi, alimwambia muuguzi, kama itawaka mashine na taa moja tu, na kama hakuna mwingine atakayechomeka simu.

Nati kumi na tano zilibaki. Akachora alama ya chaki kwenye betri ya kumi, akamwita mkewe aingie. Akamwonyesha mashimo kwa ndani, na mahali ambapo kesho wangepitisha bomba hadi juu ya paa, harufu isiteremke tena dirishani kwa mama. Angehitaji mtu wa kushika ngazi.

“Hufungi mlango?” mkewe aliuliza walipokuwa wakitoka.

“Leo utalala wazi.”

Wagonjwa walirudishiwa blanketi zao. Alfajiri, kabla jua halijachomoza, angeziomba tena, paneli zisichaji hadi nati zilizobaki zikazwe na bomba lipitishwe. Fundi alikaa kwenye benchi la wodi, sikio likiwa kwenye mashine. Ilivuma, ikapumzika, ikavuma tena. Kila ilipopumzika, naye alizuia pumzi.