Wimbo Ambao Mama Nyanchera Hakuuomba

"Asante kwa kupiga huduma kwa wateja. Naitwa Mokeira, nikusaidie vipi?"

"Usikate," sauti ya mwanamke ikasema. "Mwanangu, tafadhali usikate."

Katika kazi hii Mokeira alishazoea kutukanwa, kuchumbiwa, hata kuhubiriwa. Lakini sauti hii ilimfanya aweke kikombe cha chai chini. Nyuma ya sauti hiyo kulikuwa na kitu kama filimbi, kinapanda, kinashuka.

"Sikati, mama. Unaitwa nani?"

"Nyanchera. Niko huku juu Nyamira, kwa majani chai. Mzee wangu ameumwa na nyuki. Ng'ombe alivuta kamba akaangusha mzinga. Uso umefura, macho hayaonekani. Unasikia hiyo filimbi? Ni pumzi yake hiyo."

Mokeira akauliza majirani wako wapi. Wote walikuwa kwenye makambi ya kanisa, mlima wa pili, simu zimezimwa kwa sababu ni Sabato. Nyanchera alibaki kwa ajili ya goti lake bovu. Mtu wa karibu alikuwa mmoja tu, Nehemiah wa bodaboda, ambaye ni Mkatoliki na Jumamosi anafanya kazi.

"Basi mpigie Nehemiah, mama!"

"Na kredo ya kupigia iko wapi? Nilikopa, sijalipa, simu imekataa kunikopesha tena. Namba isiyotaka kredo ni hii yenu."

"Nitajie namba yake, nitafute njia."

"Siijui. Mjukuu aliniwekea: nikifinya mbili nishikilie, inaita Nehemiah. Kusoma mimi sijui."

Mokeira akainua mkono. Thadeus, msimamizi wao, akaja mbio. Alikuwa kijana wa upande wa ziwa, si mtu mbaya, lakini ule ubao wa ukutani ulikuwa umemkaa kichwani. Simu ikipita muda, jina lako pale juu linageuka jekundu. Jina la Mokeira lilikuwa tayari jekundu.

"Mpe namba ya dharura umalize," Thadeus akanong'ona.

"Gari la wagonjwa litapanda ule udongo saa ngapi, na mvua ya jana? Wacha nichukue simu yangu kwa kabati, nimtumie kredo."

"Umesahau Okinyi?"

Hakuna aliyemsahau Okinyi. Alimtumia mteja kredo ya mfukoni mwake, akaambiwa anashirikiana na matapeli, na hakuonekana tena. Simu zao zilifungiwa mlangoni na ufunguo alikuwa nao askari.

Thadeus akaitwa kwingine. Mokeira akabaki na njia moja. Aliruhusiwa kurudisha kredo iliyokatwa vibaya, basi. Na mteja lazima alalamike kwa mdomo wake mwenyewe, maana kila neno linarekodiwa.

"Mama, sikiza vizuri. Sema kredo yako ilipotea."

"Haikupotea. Niliimaliza nikiongea na dada yangu wa Ogembo."

"Wewe sema tu imepotea."

"Yaya, hapana! Nidanganye siku ya Sabato, na mzee ananifia hapa? Halafu nikiomba, nani atanisikia?"

"Mama, Mungu anaelewa."

"Umemuuliza?"

Filimbi ikanyamaza. Mokeira alishika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili. Nyanchera aliita jina la mumewe mara moja, kwa sauti ndogo. Kisha filimbi ikarudi, nyembamba kuliko mwanzo.

Mokeira alifungua ukurasa wa laini ile kwenye kompyuta akapitisha macho haraka haraka. Simu kwa dada. Simu kwa dada tena. Kredo ya kukopa. Halafu kitu kidogo ambacho kilikuwa kinakatwa kila siku, kila siku.

"Mama, watu wakikupigia, wanasikia nini kabla hujashika?"

Nyanchera akaguna.

"Mama Nyanchera?"

"Hiyo usiniulize."

"Niambie! Mzee hana wakati!"

"Wimbo wa walevi!" Nyanchera akapasuka. "Wa kukata viuno! Pasta alinipigia akausikia mpaka mwisho. Mimi sikuuomba! Sijui uliingia lini, sijui hutolewa wapi!"

"Kwa hivyo unalalamika?"

"Nalalamika! Nalalamika sana! Mnaniaibisha mbele ya kanisa zima!"

Vidole vya Mokeira vilikuwa vimeshaanza kukimbia. Malalamiko ya mteja: wimbo wa mwito wa simu bila idhini. Rudisha makato. Thibitisha. Kidude cha kungojea kikazunguka, kikazunguka, kikatulia.

"Kredo imeingia, mama. Kata sasa hivi. Finya mbili, ushikilie."

Simu ikakatika, na kabla hajavuta pumzi, nyingine ikaingia. Mwanaume wa Suneka alikuwa anafoka kwamba bando zake za intaneti zinakwisha akiwa amelala. Mokeira alimjibu yote yanayotakiwa, "pole sana," "naelewa," lakini ukurasa wa Nyanchera aliuacha wazi kando. Akaufungua upya. Kredo haijaguswa. Akaufungua tena. Haijaguswa. Je, amefinya namba nyingine? Ama simu imemwanguka mkononi?

"Unanisikiza wewe?" mtu wa Suneka akauliza.

"Nakusikiza, baba."

Kivuli kikasimama nyuma yake. "Huyo si mteja uliye naye," Thadeus akasema.

Hakugeuka. Simu ikiita tu, kredo haikatwi. Inakatwa mtu akishika. Akafungua tena.

Kredo ilikuwa imepungua.

"Ameshika," Mokeira akasema kwa nguvu. "Nehemiah ameshika!"

"Nani ameshika bando zangu?" mtu wa Suneka akadakia.

Thadeus alitazama kioo cha kompyuta, akatazama jina jekundu ukutani, akaondoka.

Ilikuwa karibu saa ya kutoka kazini, Adhis wa meza ya jirani alipomgusa bega huku amejishikia tumbo kwa kicheko.

"Kuna mama wa Nyamira amekataa huduma yangu. Anamtaka yule mtoto wa nyuki. Anasema mzee amedungwa sindano, anapumua, anataka uji."

Mokeira alifunika uso kwa viganja.

"Lakini ana malalamiko," Adhis akaendelea. "Anasema Nehemiah amempigia sasa hivi kutoka zahanati, na ule wimbo wa viuno ameusikia bado uko."

Mokeira akaruka kitini. Kweli, kurudisha kredo alirudisha. Kuutoa wimbo, alisahau.