Nereida, Rudi

Wimbo ulikuwa mtamu, na balaa lilianzia hapo. Ungekuwa mbovu watu wangeusahau, na Nereida angekula tortilla zake kwa amani. Lakini Evaristo, mume ambaye Nereida alimtoroka, kwa gitaa hana mpinzani, na bendi yake iliupa ngoma nzito na kiitikio cha kumtoa nyoka pangoni: Nereida, rudi, mikono yako ndiyo nyumba yangu. Mji mzima wa Guadalajara ukapagawa.

Mikono! Mkono wa kulia wa Nereida haukunjiki vizuri tangu huyo huyo Evaristo alipoubana kwa mlango, makusudi, eti supu imepoa. Hilo redio haikuliimba.

Kwenye duka la dawa alikofanya kazi, wateja walimuuliza ana moyo au jiwe. Wauza matunda walimwimbia usoni. Hata padri alihubiri msamaha huku akimkodolea macho. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, lakini mji mzima ulijifanya umelala pale.

Jumamosi moja, giza lilipoingia tu, Evaristo akaja kumwimbia chini ya dirisha. Desturi ni moja: mwanamke akikubali huwasha taa, akikataa hukaa gizani, na mwanamume hufunga virago bila neno. Wengine huja na gitaa moja. Yeye alikuja na bendi, maspika juu ya gari, na watu wa televisheni. Mtaa ukafurika.

Nereida alikaa kitandani gizani, ameapa hawashi hata waimbe mpaka sauti ziwakauke. Mama yake, Doña Eduviges, akaingia akilalamika kwamba majirani wote wako nje na hii ni aibu. Nereida akamkumbusha kwamba ni yeye, mama, aliyeufunga bandeji mkono ule.

"Mwanangu, hasira kila mwanamume anazo," mama akasema. "Ila wangapi wanaomba radhi hivi, dunia nzima ikisikia?"

"Hajaomba radhi, mama. Sikiliza maneno yake. Wapi amesema alichonifanyia?"

Mama hakusikiliza maneno wala nini. Akanyoosha mkono ukutani, akawasha taa.

Shangwe ilitikisa vioo. Nereida akashuka ngazi pekupeku hadi nje. Watu walimpisha huku wakilia kwa furaha, wapumbavu wale. Evaristo akafungua mikono amkumbatie. Nereida akampokonya kipaza sauti.

"Mkono huu aliuvunja yeye," akasema, akauinua wote wauone. "Aliubana kwa mlango. Nilimlilia aufungue, yeye akauegemea. Leo siwezi hata kukamua ndimu. Mwimbieni na hilo."

Mtaa ukawa kimya, na kwa muda mfupi Nereida aliamini wamemsikia. Kisha Evaristo akainamisha kichwa, machozi yakamtiririka, na kamera zote zikamgeukia yeye. Msichana mmoja akamwonea huruma maskini wa Mungu, akaanzisha kiitikio polepole. Wa pili akadakia, kisha mtaa mzima. Nereida akasema tena, akapaza sauti, lakini mtu alikuwa ameshakizima kile kipaza sauti.

Akainua macho dirishani amtafute mama yake. Mama alikuwa amesimama kwenye mwanga, mkono kifuani, anaimba nao.