Magurudumu Yaliyozunguka Hewani

Jirani yetu, yule tunayemwita Redio kwa sababu hazimiki, amesimama mlangoni pa duka la saruji, simu sikioni, anamwambia mtu wa upande wa pili kwamba nimemeza ufunguo wa gari ili mjomba wangu asilivute. Anasema nililala chali mbele ya brekidauni, lile lori la kuvuta magari mabovu, kanga ikapeperuka, mjomba akalia machozi, na watu wakaninyanyua kama gunia. Kanga sikuvaa, nimevaa suruali ya kazi. Ufunguo uko kwenye ngumi yangu, na mimi niko ndani ya gari. Na anayekaribia kulia ni mimi, maana tangu asubuhi narudia jambo moja mpaka ulimi umechoka.

Gari ni la mama. Ndilo linalobeba viti na mahema tunayokodisha, na dereva wake ni mimi. Ni fowili, yaani magurudumu yote manne yanavuta, ndiyo maana linaingia kwenye viwanja vya matope ambako wenzetu wanaishia njiani. Bila gari hili tutabaki na viti tu, tena vya kukalia wenyewe.

Asubuhi, kwenye mlima huu, giaboksi ilianza kulia kama inasaga kokoto. Nikaegesha pembeni, nikaweka mawe nyuma ya matairi, nikampigia fundi. Akaniuliza kile kigia kidogo cha fowili kiko wapi. Nikamwambia kimekwama, hakitoki.

"Basi yote manne yameshikana," akasema. "Gurudumu moja likizunguka chini, ndani kote kunasagika. Ama libebwe zima mgongoni mwa lori, ama zifunguliwe propela zote mbili, ya mbele na ya nyuma, ndipo livutwe. Ikishindikana, liache hapo hapo. Nakuja mchana."

Propela ni yale mabomba ya chuma chini ya gari yanayopeleka nguvu kwenye magurudumu. Ukiyafungua, magurudumu yanazunguka bila kuisumbua giaboksi. Kwa jambo lililo wazi hivyo usingedhani kuna la kujadili. Lakini mama alikwisha kumpigia kaka yake.

Mjomba alifika na brekidauni ya rafiki yake, amekaa mbele, kiwiko dirishani, kama mtu anayekwenda kuvishwa nishani. Mama alikuja nyuma yao kwa pikipiki. Nikamwamkia mjomba, nikamweleza alivyosema fundi. Akasema fundi anatafuta ulaji. Nikamweleza tena. Akaniuliza kati yangu na yeye nani alianza kupanda magari. Mpita njia mmoja akashauri tumimine maji ya sabuni kwenye giaboksi, na mjomba, aliyekataa maneno ya fundi mara mbili, huyo akamsikiliza mpaka mwisho.

Nikamwendea dereva wa brekidauni. Spana anayo? Anayo. Kufungua propela mbili ni kazi kubwa? Akasema chai ya moto haitakuwa imepoa.

"Lakini dada, mimi ni wa kuagizwa. Mzee akisema fungua, nafungua. Akisema vuta, navuta."

Mzee akasema vuta.

Wakafunga mnyororo, winchi ikanyanyua pua ya gari. Mjomba akanigeukia kwa furaha kabisa. Si nilitaka magurudumu yasiguse chini? Haya, hayagusi. Nikamwonyesha mawili ya nyuma, ambayo yalikuwa yamekaa barabarani kwa raha zake. Akasema mimi ni mtu wa kulishwa wali nikauliza nyama iko wapi.

Brekidauni ikavuta taratibu. Magurudumu ya nyuma yakazunguka, kama ilivyo kawaida ya gurudumu. Na yale ya mbele, yaliyoning'inia hewani bila kugusa kitu, nayo yakaanza kuzunguka.

"Mjomba," nikamwambia, "yale ya mbele yanazungushwa na nini?"

Akayatazama kwa muda.

"Upepo."

Hakuna upepo leo. Vumbi la saruji limetulia juu ya kibao cha duka kama limepakwa. Ndani ya gari kile kilio cha kokoto kikarudi, na harufu ya oili inayoungua ikanifika puani. Nikakimbia, nikapiga ubavu wa brekidauni kwa kiganja mpaka dereva akasimama. Nikapanda gari letu, nikavuta breki ya mkono, nikachomoa ufunguo, nikafunga milango.

Mjomba amekuja dirishani. Anasema namwaibisha mbele za watu.

"Mjomba, heshima yako ipo pale pale," nikamjibu. "Giaboksi ndiyo haikujui."

Dereva wa brekidauni akageukia ukutani, mabega yakimcheza. Nimeharibu zaidi, najua. Mjomba akamuuliza mama, kwa sauti ya kusikiwa na duka zima, kama binti huyu alimlea au alimfuga.

Mama amesimama kando ya gurudumu la mbele. Aliliona likizunguka, nami nilimwona akiliona. Ila baba yao alipofariki, mjomba ndiye aliyemlea, na tangu nizaliwe sijamsikia akimwambia hapana. Hata viti vyetu rangi alichagua mjomba, ndiyo maana ni vya rangi ya nyanya iliyooza na mama anavisifia.

Dereva ametoa spana kwenye boksi lake. Ameishika mkono mmoja, mkono wa pili uko kwenye mlango wa brekidauni, na macho yake yanakwenda kwa mjomba, yanarudi kwa mama.

Nimeteremsha kioo.

"Mama, gari ni lako. Naomba umwambie afungue propela."

Mama anamtazama kaka yake.

"Mama. Neno moja tu."