Ukuta wa Nanyama

...na huyu msichana wa filamu anakimbia vizuri kweli, hilo Sella hakatai, leso kiunoni, miguu haina hata tone la tope, anajitupa mlangoni mwa chumba cha kuigiza wanachokichoma kidogo kidogo, anatoka amekumbatia mwanasesere, analia, na machozi yanashuka pale pale yanapotakiwa... na huyo eti ndiye Sella, lo, Sella angekuwa na mbio hizo angekimbia mbio za taifa... "Mama Mideva, si ndio hivi ilikuwa?" anauliza Kavoi, mwenye filamu, mkono juu, watu wa kamera wakingoja aushushe, na Sella ameketi kwenye benchi la wageni, soda mkononi, na sivyo ilivyokuwa, kwa sababu yeye hakuingia. Mwaka ule wa sabini na moja, stovu ilipolipuka mlangoni mwa chumba chake, hapa hapa Silanga, alikuwa anatoka kuteka maji, akautupa mtungi akakimbia, wanaume wawili wakamdaka kiuno, akawauma, akapiga nduru, na Mideva mdogo yumo ndani... aliyemtoa ni Nanyama, jirani wa chumba cha pili, na hakupita mlangoni, nani mwenye akili angepita pale, alichukua jembe akabomoa ukuta wa udongo uliotenga vyumba vyao, akamvuta mtoto upande wake, na tundu lile lile lililompitisha mtoto likaupitisha moto, kitanda cha Nanyama, nguo, blanketi, vyote majivu, naye akasema tu, sasa mwenye nyumba atanipigia kelele juu ya ukuta wake. Haya yote Sella alimweleza Kavoi, Kavoi akaitikia kwa kichwa, kisha jana akasema, "Mama, watu wanataka kuona mzazi akiingia, hii ya jirani na jembe haigusi roho." Haigusi, roho ya nani? Na Nanyama yuko pale nyuma ya kamba na watazamaji wengine, beseni la mboga za sukuma kichwani, anaambiwa arudi nyuma asiharibu picha, anarudi, anacheka, asubuhi alisema, "Wewe wacha wafanye yao, si mtoto ako hai?"... ndiyo, yu hai, yuko darasa la sita, ana kelele kushinda redio, lakini filamu ikija kuonyeshwa uwanjani watoto wote wa Silanga wataiona, na siku moto ukirudi, maana hurudi, watajitupa mlangoni kama huyu msichana, nani atakumbuka jembe... na Sella ataonekana nani, mama aliyebaki nje? Basi aonekane. Ajabu, miaka yote neno hilo limemchoma, leo limepoa tu, alibaki nje na mtoto wake akaishi, kwa sababu upande wa pili wa ukuta kulikuwa na mtu, na hilo ndilo angependa kuliona kwenye kile kitambaa cheupe cha sinema... "Mama Mideva? Tuko sawa?" Mkono wa Kavoi bado uko juu, soda bado imejaa, na Sella anasogea kwenye benchi, anaacha nafasi ya mtu mmoja, anageuka kumtafuta Nanyama kwa macho.